Fundi Aliyejua Saba Tu

Fundi wetu alikuwa akishona amesimama. Naanzia hapo kwa sababu najua mtaniuliza alikuwa mtu wa wapi, mwana wa nani, na hayo mimi siyajui. Aliyewahi kumuuliza alijibiwa kwa mdomo uliojaa pini: "Umekuja kushonewa au kuposa?" Basi, yamekwisha. Tulijua katoka pwani, kwa kanzu yake na lafudhi yake, na tulijua Tanga aliifahamu vizuri kuliko alivyopenda kusema.

Cherehani yake ya mkono aliipandisha juu ya masanduku mawili mpaka ikamfika tumboni. Mkono wa kulia ulizungusha gurudumu, wa kushoto ulisukuma kitambaa, na miguu haikutulia hata kidogo. Atashona mshono mmoja, aende mlangoni atazame njia, arudi, ashone wa pili, akimbilie jikoni kuonja mchuzi. Kupimwa kanzu kwa Fundi ilikuwa safari. Unamfuata duka zima, yeye anakushika bega, anakuacha, anarudi na ufito wake wa kupimia, anakugeuza, kisha anakuuliza kwa nini husimami. Ebo! Usimame vipi, na aliyekushika anatembea?

Lakini mimi sina haki ya kumcheka. Mimi mwenyewe ni mtu wa pupa. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa na mwiba chini ya unyayo, na mpaka leo, na uzee huu, sijaweza kungoja uji ukapoa. Duka letu, la mume wangu na mimi, lilipakana na la Fundi pale kwenye njia ya Nyakakika: maduka manne, chuo cha Kurani, na nyuma yake migomba mpaka macho yachoke. Ni miaka ile Wajerumani walikuwa wameshajenga boma lao Bukoba na misafara yao ikawa inapita kwetu ikienda na kurudi. Nilikaa jirani na Fundi zaidi ya miaka kumi, na sidhani ilipita wiki hatujagombana.

Basi mtu huyu asiyejua kutulia, kila asubuhi baada ya sala, kukishapambazuka, alitoka uani kwake, akavua makubazi, akaanza kuinua mikono. Polepole! Mtume, polepole hata nikadhani kapatwa na kitu. Viganja vikapanda juu, vikageuka, vikabaki huko kana kwamba anapokea mkungu wa ndizi kutoka darini. Kisha akavuta upinde usiokuwapo, kulia, kushoto. Akainua mkono mmoja na kushusha mwingine. Akageuza shingo kutazama nyuma bila kugeuza mwili, akakaa hukohuko muda ambao mimi ningekuwa nimeshafagia uwanja. Ikaja ya kuyumbisha kichwa na kiuno, ya kuinama mpaka vidole vya miguu, na mwisho ngumi mbele, macho kayatoa. Halafu akasimama tu, mikono imening'inia, kama aliyeingia jikoni akasahau alichofuata. "Aah!" akasema kwa hasira, akavaa makubazi, akarudi mbio kwenye cherehani.

Mimi nilikuwa nachungulia kwenye matete ya uzio. Siwezi kuona jambo nikanyamaza.

"Shikamoo Fundi. Yale ni mambo gani?"

"Marahaba. Ni ya Wachina."

"Wachina ndio nani?"

Akanieleza huku anakata uzi kwa meno. Wajerumani walileta kwa meli watu kutoka mbali, mashariki huko, waje walime tumbaku katika shamba kubwa nyuma ya Tanga. Na yeye alifanya kazi shambani humo. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kichina aliyekuwa akifanya mambo hayo kila alfajiri kabla baragumu halijalia. "Watu kule walikufa kwa homa," akasema, "na wengine walikufa kwa kufikiri tu. Mtu anakaa, anafikiri kwao, kesho yake hali, keshokutwa hayupo. Yule mzee hakufa kwa kufikiri. Basi nikayashika. Yako manane. Mimi ninayo saba."

"Na la nane?"

"Limebaki Tanga," akasema, akazungusha gurudumu kwa nguvu ili nisiulize tena. Nilidhani ni mzaha. Kila aliyemuuliza alipewa jibu hilohilo, na watu wakawa wakimtania barabarani: Fundi, la nane halijafika na msafara? Hakuwahi kucheka.

Mtu akifanya jambo geni, kila mmoja hulitia katika kapu lake. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja asubuhi moja na fimbo yake, akasimama uani, akatazama mpaka mwisho. "Fundi, sala gani hii? Rukuu nusu, sijida hakuna, na kibla umekipa mgongo!" Fundi alikuwa kwenye upinde na hakuushusha. "Mwalimu, Mungu namuomba kwa nyakati zake tano, na wewe unaniona safu ya mbele. Hapa nayaomba magoti yangu. Na kibla nimekipa mgongo makusudi, watu wenye haraka wasije wakachanganya." Mwalimu akaondoka anasema astaghfirullahi, ila baada ya mwezi alianza kupita karibu na uzio wetu saa zilezile, na siku moja nilimwona nyuma ya chuo, peke yake, mikono juu. Nilikaa kimya. Kwa mara moja maishani.

Wanyambo wa migombani wao waliona vingine. Kwao, mzee anayesimama alfajiri akainua mikono hivyo huyo ni mbandwa, mtu aliyepandwa na mizimu, na mbandwa hupewa heshima zake. Asubuhi moja Fundi akatoka akakuta ua wake umetandikwa majani mabichi, kama anavyotandikiwa mgeni mkubwa, na kando yake kahawa ya kutafuna ndani ya jani la mgomba, na kibuyu cha rubisi. Pombe! Alipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Alimwita mama mmoja mzee wa jirani, ndiye aliyetandika, akamwambia yeye ni Mwislamu, hana mzimu hata mmoja, aondoe uchafu wake. Bibi wa watu akachuchumaa, akasikiliza kwa adabu yote, na Fundi alipomaliza akasema, kwa neno lao la heshima, "Ndiyo, waitu. Sasa niambie mbuzi wangu yuko wapi, leo siku ya tatu."

"Mbuzi yuko walipo mbuzi!" akafoka Fundi.

Bibi akaenda. Akamkuta mbuzi wake katikati ya mbuzi wa mtu wa Ihembe aliyekuwa amepita na kundi lake. Yaliyofuata mnayajua wenyewe. Majani yaliletwa kila siku ya tatu, na Fundi alilalamika kwa mdomo wote. Lakini nyayo zake zilikuwa zimepasuka, na majani mabichi ni baridi na laini. Siku ambayo hayakubadilishwa alilalamika zaidi.

Msione nacheka mkadhani ilikuwa mchezo. Kulikuwa na mzee mmoja, tulimwita Mzee wa Ng'ombe, ambaye sotoka ilimwulia kundi lote wakati ule ugonjwa ulipopita nchi nzima. Miaka ilikuwa imeshakwenda, lakini alikaa mlangoni kwake akiwataja waliokufa, mmoja mmoja, kwa majina na mabaka yao, na akimaliza anaanza upya. Hakulala. Wanawe waliacha kumsikiliza. Yeye ndiye mzee wa kwanza kuingia ua wa Fundi, kwa sababu alisikia kuna mbandwa. Fundi akamweka mbele yake akamwinua mikono. "Wataje tu," akamwambia, "lakini mmoja kwa kila pumzi." Basi mzee akawa akivuta upinde kwa jina la ng'ombe mwekundu, akishika vidole kwa jina la mtamba mweupe, polepole, na wale ng'ombe kumi na kitu wakazitosha saba zote. Hakuacha kuwataja mpaka anakufa. Ila alilala. Wanawe walikuja kunieleza dukani kwa furaha kana kwamba kuna harusi: baba kalala, baba anakoroma.

"Wazee hawauliwi na uzee," Fundi alikuwa akisema. "Wanauliwa na kukaa wakitafuna jambo moja." Na yeye aliyekuwa akisema hivyo alimtupia mkasi mteja aliyemwambia haraka haraka haina baraka. Msemo ule alikuwa hataki kuusikia. Alikula amesimama, alitembea akihesabu, alifoka na kuomba radhi kabla hujajibu. Nilimwambia siku moja, "Fundi, hizi saba zako mbona hazijakutuliza wewe?" Akanitazama. "Binti, wewe umeniona nilivyo nikizifanya. Hujaniona nisipozifanya." Mara hiyo hakuwa na pini mdomoni.

Sasa nifike kwa mama, kwa maana bila mama Fundi kwangu angekuwa jirani mwenye kanzu nzuri, basi.

Mama alikuwa Mnyambo wa Kibingo, aliyeolewa na baba yangu mfanyabiashara wa pwani. Baba alipokufa tukabaki mimi na kaka yangu, na mama akaja kukaa kwangu. Kaka alikuwa akipogoa migomba kando ya uzio siku msafara wa serikali ulipopita ukichukua watu wa kubeba mizigo. Walimchukua na panga mkononi. Alipata nafasi ya kusema neno moja tu. Aliuonyesha mkungu mchanga uliokuwa karibu na njia akasema, "Mama, huu haujakomaa nitakuwa nimerudi."

Mkungu ukakomaa. Mama akakataa usikatwe. Ukaiva mgombani, ndege wakaula, mgomba ukalala chini wenyewe, na mama akiutazama. Tangu hapo hakutulia. Usiku halali, mchana hali, na ukigeuka kupima chumvi ya mteja, mama hayupo. Kashika njia ya bondeni kuelekea mto Kagera, kwa sababu mtu mmoja mjinga alimwambia wapagazi walivushwa huko. Mara mbili alirudishwa na wavuvi. Mara ya pili nguo yake ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. Hapo ndipo nilipoijua hofu ni nini. Nilikuwa naamka naye, nakula naye, naogopa naye kitu kimoja tu: siku moja nitachelewa, na mto haurudishi mtu.

Fundi akaingia dukani, akaenda mpaka ukutani, akarudi. "Mlete kesho."

"Aje afanye nini? Avute upinde?"

"Mlete, nimesema!"

Nikampeleka. Na mtu yule aliyemfokea kila kiumbe, kwa mama alikuwa na subira ambayo sijui aliitunza wapi. Siku sita mama alisimama tu katika majani, mikono imelegea, na Fundi akafanya saba zake mbele yake kama hamuoni. Siku ya saba mama akainua viganja. Sikuamini macho yangu. Nilikuwa nimeshika ufagio, nikausahau. Senene walipoanza kuruka mama alikuwa anafanya nne, na usiku wa siku ile alikula senene sahani nzima, akaniuliza kwa nini sikutia chumvi. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia. Mama kalalamika chumvi!

Tatizo lilikuwa moja. Ya nne ni ile ya kutazama nyuma, na mama akishageuza shingo aliiona njia, na akishaiona njia, nyingine zimekwisha. Atakwenda kwenye uzio wa Fundi, ambao ulikuwa mrefu kumpita, atashika matete, atapanda juu ya vidole vya miguu mpaka macho yavuke, atazame njia yote hadi bondeni. Hakuna mtu. Visigino chini, pu! Anapumzika. Anapanda tena. Mimi sikuona ubaya. Anachungulia, achungulie, maadamu haendi mtoni. Lakini Fundi! Fundi anageuza mgongo. Anakunja uso kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mtoe pale," akaniambia.

"Anamtazamia mwanawe, Fundi. Kosa liko wapi?"

"Nimesema mtoe kwenye uzio!"

Asubuhi hiyo ninayoikumbuka vibaya, ufito wa kupimia ulikuwa mkononi mwake, maana alikuwa amekatisha kazi. Mama akapanda juu ya vidole. Fundi akapiga kelele, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtu mwingine kabisa: "Shusha visigino! Shuka!" Na akaunyanyua ule ufito juu ya mgongo wa mama yangu.

Hakumpiga. Lakini mama alijikunja chini ya matete, mikono kichwani, akalia kama mtoto. Mimi sikumbuki nilivyofika. Nilimpokonya ule ufito nikauvunja gotini kwangu, na matusi niliyomtukana siwezi kuyarudia mbele yenu, na ni mtu mzima, ni baba yangu kwa umri! Yeye alikuwa anautazama mkono wake uliobaki juu, mtupu.

Miezi minne hatukusemeshana. Mume wangu alijaribu kutupatanisha nikamwambia na yeye ahamie kwa Fundi. Mama akarudi nyuma kuliko alipoanza. Sasa alikuwa anaondoka bila hata viatu, kwenye mvua, na miguu yake ya uzee ikawa na kasi kuliko yangu. Na mimi nilikuwa na duka, na mume, na nafsi moja. Nitasema nilichofanya, kwa sababu nimechoka kuwa nacho. Nilisokota kamba ya nyuzi za mgomba, nikamfunga mama mguu kwenye nguzo ya nyuma ya duka, kivulini, na mkeka, na maji karibu. Siku ya kwanza aliitazama ile kamba, akanitazama mimi. "Mwanangu," akasema, "mimi ni mbuzi wa nani?"

Nikarudi dukani. Nikauza chumvi.

Upande wa pili wa uzio nako hakukuwa na heri. Ua wa Fundi ulikuwa mtupu asubuhi. Majani yalinyauka, hakuna aliyesimama juu yake. Nilimsikia akitembea ndani mwake toka chumba mpaka chumba, na watu wakaanza kurudisha kanzu: mishono imepinda, mkono mmoja mrefu. Alikonda. Mzee wa Ng'ombe, ambaye naye aliwahi kuambiwa maneno yale, alikuja kuniambia kwa huzuni, "Sasa nimemwona asipozifanya."

Ndipo Fundi alipokuja. Ilikuwa katikati ya asubuhi, jua limetoka baada ya mvua. Alikuwa anatembelea kipande cha ule ufito niliouvunja, na nilishtuka jinsi kilivyomfaa kimo. Hakunisalimu. Alipita dukani moja kwa moja mpaka nyuma, akaikuta kamba, akaifuata kwa macho mpaka mguu wa mama. Halafu akakaa. Chini, kwenye udongo, mgongo ukutani! Miaka yote ile sikuwahi kumwona Fundi amekaa.

"Kazi yangu kule Tanga hamkuwahi kuniuliza," akasema.

"Tulikuuliza. Ukasema tunaposa."

"Nilikuwa mnyapara. Na la nane ninalijua. Nalijua kuliko yale saba."

Nilitaka kumfukuza, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na uso wake ulikuwa umeshaanza kumuumbua. Nikamwacha aseme. Alisema bila kutembea, na hilo ndilo lililonitisha.

Wale Wachina walikuwa na uzio wao, kambini. Wengine walikuwa wakitoroka kwenda pwani kutafuta meli, na amri kwa wanyapara ilikuwa moja: anayechungulia uzio anapanga kutoroka. Yule mzee kila alfajiri akimaliza ngumi alisimama karibu na matete, akapanda juu ya vidole vya miguu, akaachia visigino vikaanguka, pu! Mara saba. Ndiyo ilikuwa ya nane, ya kumaliza, ya kutikisa maradhi yatoke mwilini. Fundi yuko nje ya uzio, anaona kichwa kinapanda, kinashuka, kinapanda. Akasema moyoni, huyu anaisoma njia. Akampeleka kwa wakubwa. Mzee akahukumiwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano.

"Kiboko nilikishika mimi," akasema Fundi. "Hakuwa na Kiswahili cha kujitetea. Siku ya pili akatoka. Mikono haiinuki. Akaja katikati ya uwanja, mbali na uzio, akanitazama, akapanda juu ya vidole akashuka. Mara saba. Ili nielewe. Nikaelewa, binti. Nilielewa nimechelewa siku moja. Baada ya siku tisa hakuwapo."

Mama alikuwa ameacha kuchezea kamba. Sijui kama alisikiliza.

"Tangu pale nikawa silali. Nikaanza zile saba, nilikuwa nimeziona kila siku. Zikanilaza. Aliyenilaza ni mtu niliyemuua mimi. Lakini ya nane sikuthubutu. Halafu mama yako anakuja uani kwangu, kila asubuhi, kwenye uzio..."

Msitarajie kuwa nilimwambia pole. Nilimchukia. Nilitaka nimpige na kile kipande cha ufito. Nilifungua mdomo nimwambie yeye ni mnyama, na macho yangu yakaangukia mguu wa mama, pale kamba ilipokula ngozi ikaacha alama nyekundu mzunguko mzima. Aliyemfunga hakuwa mnyapara wa mtu. Nikaufunga mdomo.

"Mfungue," akasema Fundi.

"Akienda mtoni?"

"Tutakwenda naye."

Fundo likakataa, nikalikata kwa kisu cha chumvi. Mama akasimama. Akajinyoosha nguo, kama mtu anayekwenda kwa watu. Nikakaza miguu tayari kukimbia, kwa sababu njia ya bondeni iko kulia. Mama akashika kushoto. Akapita dukani, akaingia ua wa Fundi, juu ya majani makavu, mpaka kwenye uzio, akashika matete yaleyale.

Niwaambie kabisa, msije mkangoja. Kaka yangu hakurudi, wala hatukupata habari yake. Na mama hakwenda tena mtoni. Aliishi miaka mitatu na zaidi, akila, akilala, akinigombeza juu ya chumvi, na kila asubuhi alikwenda kwenye uzio ule. Huzuni yake haikwisha. Ilipata pa kusimama tu. Lakini hayo yalikuwa hayajaja. Siku ile nilichokiona ni mama yangu anapanda juu ya vidole vya miguu, macho yanavuka matete, na Fundi anatupa kile kipande cha ufito, anavua makubazi, anakwenda kusimama kando yake. Aliyashika matete kwa mikono miwili. Nilimwona anavuta pumzi. Visigino vyake vilivyopasuka vikaachana na ardhi.

Wakapanda pamoja. Wakashuka, pu! Machozi yalikuwa yanamtiririka Fundi mpaka kwenye ndevu na hakuyafuta. Wakapanda tena. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na haraka ya kufika saba.

Walipofika, mama akamgeukia, akamtazama mzee mwenzake kwa makini.

"Wewe nawe unamtazamia nani, waitu?"

"Mzee wangu mmoja," akasema Fundi.

"Hajafika?"

"Hajafika."

Mama akaitazama njia tena, kisha akamfuta Fundi vumbi la udongo mgongoni kwa kiganja, pale alipokuwa ameegemea ukuta.

"Basi kesho," akamwambia.